Yuniti nne za kumfikisha mtu kwenye soketi

Kwa fundi anayeokoa magari barabarani, simu ya gari la umeme lililokwama huanza karibu kila mara kwa maneno yale yale: "Boss, chaji imeisha." Usipakie kitu kwenye pikapu bado. Muombe dereva apige picha ya dashibodi aitume. Mara nyingi picha inaonyesha jambo jingine kabisa: taa zote za onyo zimewaka kwa mpigo, kioo kinafifia, na dereva anaeleza kwamba kuna kitu kinalia ta-ta-ta ndani ya bodi kila akibonyeza kitufe cha kuwasha. Hiyo si betri kubwa. Ni betri ndogo ya volti 12, ndugu yake ile iliyo kwenye Probox ya jirani, na jenereta uliyotaka kuibeba haitaifaa kitu.

Magari tunayoyazungumzia ni yale yanayokwama Nairobi na viunga vyake: Nissan Leaf zilizotumika Japani, za betri ya yuniti 24, 30 au 40, na magari ya Kichina ambayo siku hizi yanaongezeka. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, ile ile unayonunua kwa tokeni. Tunalitumia neno hilo kwa sababu ndilo mteja analielewa bila kufundishwa.

Betri ndogo kwanza

Betri kubwa ya Leaf ndiyo inayosukuma magurudumu, lakini ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuvuta zile swichi nzito, kontakta, zinazounganisha betri kubwa na gari. Ndogo ikifa, kontakta hazifungi. Gari lenye yuniti 15 tumboni halitembei, halitoki kwenye P, na wala halikubali kuchajiwa. Hapo ndipo watu hupoteza saa nzima wakibadilisha nyaya za chaji bure.

Pima kwa maltimita. Betri ndogo iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 imechoka; chini ya 11 ihesabu imekufa. Jampisha kwa betri nyingine ya volti 12 au kwa jampa ndogo ya mkononi: chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma tupu cha bodi, mbali kidogo na betri. Kanyaga breki, bonyeza kitufe, ngoja ile alama ya kijani ya gari lenye mishale. Halafu pima tena palepale kwenye betri ndogo. Ukipata kati ya 13 na 14.5, kibadilishaji kinachoilisha kutoka betri kubwa kinafanya kazi na dereva anaweza kwenda. Ukipata 12 na inazidi kushuka, usimruhusu aondoke, kwa kuwa betri ndogo itamwangusha tena mbele, pengine katikati ya mzunguko wa barabara.

Kinachoiua ni nini? Hasa ni traka, alamu na dashkamu zilizounganishwa moja kwa moja na betri, kisha gari likaegeshwa wiki mbili. Kuna na sababu ya pili inayosahaulika: dereva aliyeishiwa chaji kweli hukaa saa mbili akisubiri msaada huku taa za hatari zinapepesa na redio inaimba. Betri kubwa ikishafungwa hakuna wa kuijaza ndogo. Unafika na vifaa vyote vya kuchaji, gari halikuitikii. Kwa hiyo jampa haiachwi nyumbani hata pale picha ya dashibodi inapoonyesha wazi kwamba tatizo ni betri kubwa.

Na kinyume chake usikubali: mwenye Leaf asilitumie gari lake kujampisha gari la petroli. Kitabu cha gari kinakataza, na kibadilishaji chake hakikutengenezwa kwa mkupuo wa stata.

Kama kweli imeisha

Leaf nyingi hapa zina maandishi ya Kijapani, na dereva haelewi onyo linasema nini. Mfundishe alama. Taa ya njano ya betri maana yake tafuta soketi sasa. Namba za kilomita zikigeuka vistari maana yake ulipaswa kuwa umeshaipata. Ukiona kobe, gari limejipunguzia nguvu lenyewe na karibu litazima. Kobe si wa kukufikisha nyumbani. Ni wa kukutoa katikati ya barabara hadi kwenye bega lake.

Namba ya kilomita kwenye kioo imewaponza wengi kuliko betri mbovu. Gari hukisia kwa kuangalia ulivyoendesha muda uliopita. Aliyeteremka kutoka Limuru hadi Westlands ametumia umeme kidogo sana, kwa hiyo kioo kinamwahidi kilomita nyingi ajabu. Akigeuza kurudi nyumbani jioni, anapanda mita zaidi ya 400, na ile ahadi inayeyuka kabla hajafika.

Hesabu ya mlima iweke kichwani: Leaf yenye abiria wawili au watatu ni karibu kilo 1,700, na kila mita 100 za kupanda zinakula karibu nusu yuniti juu ya matumizi ya kawaida. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kupanda kama mita 1,700. Hizo ni yuniti 8 na nusu za mlima peke yake, kabla hujahesabu kilomita hata moja. Leaf ya yuniti 24 iliyozeeka, ile yenye vijiti 8 vya afya kati ya 12, imebakiwa na kama yuniti 14 za kutumia.

Sasa hesabu ya kazi yenyewe. Chukua kilomita hadi soketi ya karibu, gawanya kwa 5. Ongeza nusu kwa kila mita 100 za kupanda. Ongeza moja ya akiba. Kwenye tambarare Leaf huenda kilomita 6 au zaidi kwa yuniti ikiendeshwa polepole, lakini mtu aliyekwama hupata pumzi akaanza kukimbia, ndiyo maana tunagawanya kwa 5. Mfano: soketi iko kilomita 11, kuna kupanda mita 150. Kilomita zinadai 2.2, mlima 0.75, akiba 1. Jumla ni kama yuniti 4.

Hizo nne ndizo unazompelekea. Si kumi, si "jaza nusu". Mteja ataomba zaidi, na ni haki yake kuomba, lakini kila yuniti ya ziada ni dakika kati ya 20 na 40 za kukaa pembeni mwa barabara, na mahali pa kujaza betri ni kwenye soketi aendako. Kwa sababu hiyo hiyo ni kosa kumtoza kwa yuniti. Ukimtoza kwa yuniti atalinganisha na bei ya tokeni na mtagombana. Toza safari.

Jenereta

Wengi huanza na jenereta ya petroli, na karibu wote hukosea ukubwa wake. Lebo ikisema kilowati 3, hicho ni kilele. Ya kudumu ni 2.8 au chini. Lebo hiyo pia iliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 1 kwa kila mita 100. Ondoa sehemu moja kati ya tano. Ile 2.8 inabaki kama 2.2. Limuru inapungua zaidi. Jenereta iliyofanya kazi vizuri Mtwapa ikihamishiwa Kikuyu huanza kukohoa kwenye mzigo ule ule, na fundi asiyejua anabadilisha kabureta.

Kwa hiyo nunua kisanduku cha kuchajia chenye kitufe cha kuchagua ampea: 6, 8, 10, 13, 16. Kisanduku hicho watu hukiita chaja, ingawa chaja halisi imo ndani ya gari. Hiki ni swichi yenye akili. Kinalitumia gari mpigo wa mara 1,000 kwa sekunde kupitia pini yake ndogo, na upana wa mpigo ndio unaoliambia gari livute kiasi gani: ukiwaka asilimia 10 ya muda, gari huvuta ampea 6, asilimia 27, ampea 16. Chini ya 6 hakuna. Jenereta ndogo za sanduku, zile za kilowati 1.8 za kudumu ambazo hubebwa kwa mkono mmoja, huku juu zinamudu hizo 6 tu.

Kwa jenereta ya lebo 3, chagua 8. Hiyo ni kama kilowati 1.84 kutoka kwenye soketi, na kinachoingia kwenye betri ni kama 1.6, maana chaja ya gari inakula chake, na kompyuta na pampu ya kupoza pia zinakula hata mkondo uwe mdogo namna gani. Yuniti 4 zitachukua saa mbili na nusu. Petroli hesabu nusu lita kwa yuniti, wakati mwingine zaidi. Kama una jenereta ya kilowati 5 au inveta yenye nguvu hiyo, nenda ampea 14 au 15, ambayo ndiyo chaja ya Leaf nyingi za Japani inaweza kupokea, kilowati 3.3 hivi, na kazi inaisha kwa saa moja na nusu.

Washa jenereta, iache ipate moto dakika tatu. Zima kile kitufe cha kubana matumizi kinachopunguza mwendo wa injini, kwa sababu gari likianza kuvuta ghafla injini itakuwa bado imelala, volti zitaanguka, na kisanduku kitakata. Anza na ampea 6, subiri dakika mbili, panda 8. Ukimaliza, simamisha chaji kwanza upande wa gari, ndipo uzime jenereta. Usiiache iishiwe petroli ikiwa na mzigo. Injini inayokufa polepole hutikisa volti juu na chini, na kidhibiti volti cha jenereta ndicho hulipa.

Taa nyekundu

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo tutakaa kidogo. Umefika, jenereta inaunguruma vizuri, taa ya balbu inawaka, hata simu inachaji. Unachomeka gari, kisanduku kinawasha taa nyekundu. Unazima, unawasha, nyekundu. Mteja anaanza kukutazama vibaya.

Kisanduku hakikatai umeme, kinakataa ardhi. Kabla ya kuruhusu umeme kwenye kebo hupima kama waya wa ardhi ni wa kweli, kwa sababu ndio unaolinda anayegusa bodi ya gari. Kwenye umeme wa nyumbani, nyutro, waya wa kurudisha umeme, imeungwa na ardhi huko nyuma upande wa kampuni ya umeme, kwa hiyo kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na ardhi unapata 240, na kati ya nyutro na ardhi karibu sifuri. Jenereta ndogo nyingi zimeachwa zinaelea: waya zake mbili hazijaungwa na fremu popote. Ukipima laivu na ardhi unapata kama 100 na kitu, nyutro na ardhi vivyo hivyo, na namba zinayumba. Kisanduku kinaona hakuna upande ulio sifuri, kinafunga mlango.

Watu huchukua nondo, wakaigongea ardhini, wakaifunga kwenye fremu. Taa inabaki nyekundu. Nondo imeunga fremu na udongo, lakini nyutro bado inaelea, hujagusa tatizo.

Dawa ni kuunga nyutro na ardhi mahali pamoja tu, kwenye jenereta yenyewe. Chukua plagi ya pini tatu, ifungue, toa fyuzi uitupe. Weka kipande kifupi cha waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kutoka pini ya nyutro hadi pini ya ardhi. Pini ya laivu ibaki tupu kabisa. Funga, izungushie utepe mwekundu, na iandike kwa kalamu isiyofutika: JENERETA TU. Plagi hiyo inachomekwa kwenye soketi ya pili ya jenereta, na kisanduku kwenye ya kwanza. Pima tena: laivu na nyutro 230 hadi 240, laivu na ardhi vivyo hivyo, nyutro na ardhi sifuri. Taa inakuwa ya kijani. Faida ya pili haionekani: swichi ya usalama ya miliampea 30, ambayo kwenye jenereta inayoelea haina njia ya kukata umeme mtu akipigwa, sasa inafanya kazi. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kabla ya kuchaji, kisha mpe mtu mmoja kazi ya kuwazuia watoto.

Kuna jenereta moja ambayo plagi hii itaichoma. Baadhi zina waya uliogawanywa katikati, na hiyo katikati ndiyo imefungwa kwenye fremu. Kila upande unasoma kama 115 kwa ardhi, na namba haiyumbi. Ukiunga nyutro na ardhi hapo umefunga nusu ya waya wa jenereta kwa shoti. Ipime ikiwa imezimwa, maltimita kwenye omu: kutoka nyutro hadi fremu, na kutoka laivu hadi fremu. Kama zote mbili zimeachana kabisa, inaelea, plagi inafaa. Kama zote mbili zinasoma omu chache, iache jenereta hiyo iwashe taa za harusi.

Betri ndani ya pikapu

Inatulia, haitoi moshi, na usiku haimwambii kila mpita njia mlipo. RAC, kampuni ya Uingereza inayosaidia magari yaliyokwama, ilikwenda njia nyingine mwaka 2019: jenereta yao inaendeshwa na injini ya gari lao la huduma. Kwa fundi wa hapa, betri za lithiamu za aina ya fosfeti, za volti 51.2, ampea-saa 100, zile zinazouzwa kwa ajili ya sola, ndizo zinazopatikana kirahisi. Kila moja ni yuniti 5.12 na uzito wa karibu kilo 50.

Mbili zinasomeka yuniti 10. Usimuahidi mteja kumi. Ukitumia asilimia 90 unabaki na 9.2, inveta inakula asilimia 8 unabaki na 8.5, chaja ya gari inakula yake, na kinachofika kwenye betri ya mteja ni 7 na kidogo. Hizo zinatosha kazi moja ya yuniti 4 na nyingine ndogo kabla ya kurudi.

Inveta iwe ya wimbi laini, kilowati 5. Ile ya bei rahisi ya wimbi la ngazi itapiga kelele kwenye chaja ya gari au haitakubaliwa kabisa. Upande wa betri, kilowati 5 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 100, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 35 na fyuzi ya ampea 160 karibu kabisa na betri. Adui hapa ni mtikisiko. Barabara mbovu hulegeza nati za vituo, kituo kilicholegea hupata moto, na siku moja unakuta plastiki imeyeyuka kuizunguka shaba. Kila Jumatatu spana ipite kwenye kila nati, hata kama wiki iliyopita hakuna simu. Tatizo la nyutro na ardhi liko hata kwenye inveta. Nyingine huziunga zenyewe zikiwa kwenye betri, nyingine hapana. Pima, usisome tangazo.

Gari jingine la umeme pia linaweza kuwa jenereta. BYD Atto 3 hutoa kilowati 3.3 kupitia adapta yake. Mara nyingi umeme huo nao unaelea, na taa nyekundu ni ile ile.

Soketi ya dukani

Mara nyingi msaada wa haraka uko mita 30 kutoka kwenye gari: kinyozi, kituo cha petroli, mashine ya posho. Kinachohitajika ni kebo ndefu na adabu.

"Mama, tunaomba kuchomeka gari hapa kama saa mbili hivi."

"Gari? Na stima yangu ikiisha?"

"Tupe namba ya mita, tunakununulia tokeni kabla hatujachomeka."

Nunua yuniti 6 kama utatumia 5. Ile iliyobaki ndiyo shukrani. Kisha ingiza kipima soketi chenye taa tatu. Soketi nyingi za vibanda hazina waya wa ardhi kabisa, na hapo kisanduku kitawaka nyekundu kama kawaida yake.

Hapa sasa shika moyo. Ile plagi yenye utepe mwekundu isiguse soketi ya jengo, wala usiunge nyutro na ardhi ndani ya kebo ili kudanganya kisanduku. Wapo mafundi wanaofanya hivyo na taa inakuwa ya kijani kweli. Lakini kwenye jenereta uliunga pale umeme unapozaliwa. Kwenye kibanda umeunga mwishoni. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, au kama laivu na nyutro zimebadilishana mahali fulani ukutani, bodi nzima ya gari inakuwa na volti 240. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, halikati fyuzi, halitoi cheche, linasubiri tu mtu mwenye miguu kwenye matope aegemee mlango. Kama kibanda hakina ardhi, tafuta kingine, au tumia betri zako. Baadhi hubeba transfoma ya kutenganisha ya kilovoti-ampea 3, ambayo nyutro yake huungwa na ardhi upande wa pili kama ya jenereta. Ni nzito, lakini ni njia halali.

Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13 na haikuumbwa kubeba 13 saa tatu mfululizo. Ibane kwenye 10, na kibandani anza na 8. Waya unaokuja na Leaf kutoka Japani umeandikwa 200 V 15 A, na hapa umeme ni 240. Watu hukata ile plagi ya Kijapani wakafunga ya pini tatu. Waya unaliambia gari livute 15, plagi ni ya 13, na baada ya dakika 40 kuna harufu ya samaki aliyeungua na alama ya kahawia kuizunguka pini ya laivu. Waya huo usiuchomeke kokote huku.

Kebo ya kurefusha iwe ya shaba, milimita za mraba 2.5, na ifunguliwe yote kutoka kwenye ringi; iliyojikunja hujipika yenyewe. Dukani utauziwa alumini iliyopakwa shaba. Sumaku haitakusaidia kuitambua. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Baada ya dakika kumi za kuchaji shika plagi kwa kiganja. Kama huwezi kuishika kwa utulivu, punguza ampea au acha.

Mambo madogo yanayokula muda

Umechomeka, hakuna taa nyekundu, na gari halichaji. Zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi zinakimbizana badala ya moja kupepesa. Hiyo ni saa ya kuchaji iliyowekwa na mwenye gari wa kwanza, ili lichaji usiku kwa umeme wa bei nafuu. Kama saa ya gari haikurekebishwa, iko mbele kwa masaa 6, na hapo kuna kichekesho: Japani ikiwa saa 7 jioni kwa mtindo wao, Nairobi ni saa saba mchana kwa mtindo wetu. Gari linasoma saa kwa Kiswahili. Lililopangwa kuanza saa 11 usiku wa kwao litaanza hapa saa kumi na moja jioni, na wewe umesimama juani tangu saa nane. Bonyeza kitufe cha kufuta saa upande wa usukani, chomoa, chomeka tena.

Matundu: Leaf ya Japani ina Taipu 1, pini tano. Magari mengi ya Ulaya ni Taipu 2, pini saba. Gari lililotoka China moja kwa moja lina GB/T, ambalo kwa mbali utadhani ni Taipu 2 mpaka ujaribu kuingiza, maana pini na matundu vimebadilishana. Beba zote tatu, na uulize kabla ya kuondoka, kwa picha.

Gari linalozima likiwa bado linaonyesha asilimia 12 au 15, hasa mlimani, lina seli iliyochoka. Leaf ina jozi 96 za seli zilizofuatana, na moja ikianguka inawaangusha wote. Programu ya LeafSpy pamoja na kifaa cha tundu la uchunguzi itakuonyesha: tofauti kati ya seli ya juu na ya chini ikizidi milivolti 200 gari likiwa linavuta, umeipata. Yuniti 4 zitamfikisha, lakini mwambie ukweli kwamba kesho atakwama tena.

Na kuna magari ya kupeleka kwa lori tu. Lililozama kwenye maji hadi milangoni, lililogongwa chini ya sakafu, lenye harufu tamu ya kemikali. Pia la mteja aliye kilomita 50 kutoka kwenye soketi, na aliye juu ya Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia, ambako hushushi jenereta hata kwa dakika tano. Leaf huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya mbele yasiviringike chini wakati wa kuvutwa. Lori la kubeba gari zima ndilo bora. Betri ndogo ikiwa imekufa gari limefungwa kwenye P, kwa hiyo jampisha kwanza ndipo liweze kupandishwa.

Barabarani panga laifseva, zile pembetatu za onyo, mbele na nyuma, mita 50 kila upande, na pikapu isimame nyuma ya gari la mteja. Jenereta ikae angalau mita tatu, bomba la moshi likielekea upepo unakokwenda, na kamwe usiongeze petroli ikiwa ya moto. Mvua ikinyesha, kisanduku kining'inizwe, kisilale chini. Kiungio cha plagi na kebo ndicho cha kufunika, kwa kuwa upande wa gari umekingwa vizuri kuliko upande wako.

Dereva akiwa tayari, mwambie azime hita na kipoza hewa, aweke ECO, asipite 50. Leaf haiondoki ikiwa imechomekwa, kwa hiyo hakuna hofu ya kukatiwa kebo. Mfuate hadi soketini kama ni usiku.

Ukirudi, kagua plagi zote kabla ya kuzihifadhi. Yenye pini iliyobadilika rangi haingoji safari nyingine. Ikate siku hiyo hiyo, uitupe vipande viwili, maana ukiitupa nzima kuna mtu ataiokota na kuifunga kwenye pasi yake.